Chama Kisichomiliki Kitu: Wosia wa Weimar na Kisa cha Goethe-Gesellschaft

Tarehe 15 Aprili 1885 alifariki mjini Leipzig mtu mwenye umri wa miaka 67, mtunzi wa muziki ambaye muziki wake haukupata kuvuma, asiye na mke wala mtoto. Aliitwa Walther von Goethe, na alikuwa mjukuu wa mwisho wa Johann Wolfgang von Goethe. Dada yake Alma alikuwa amefariki Vienna mwaka 1844 kabla hajatimiza miaka 17, na ndugu yake Wolfgang alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili tu. Siku ile uzao wa mshairi ulikatika. Kilichobaki ni nyumba moja kubwa katika uwanja wa Frauenplan mjini Weimar, makabati yaliyojaa karatasi, na wosia ulioandikwa 1883. Zilipopita wiki tisa na siku chache, tarehe 20 na 21 Juni, watu walikutana Weimar wakaunda Goethe-Gesellschaft, yaani Chama cha Goethe, ambacho kipo hadi leo.

Wanaokisimulia kisa hiki kwa kawaida husema kwamba chama kilizaliwa na mapenzi ya Wajerumani kwa mshairi wao mkuu. Mapenzi hayo yalikuwepo, siyakatai, lakini yalikuwepo pia miaka hamsini kabla na hayakuzaa chama chochote cha namna hii. Nionavyo mimi, kilichokizaa ni mirathi, na jinsi mirathi hiyo ilivyogawanywa ndiyo iliyoamua chama kingekuwa na nguvu wapi na kingekuwa dhaifu wapi. Mgao wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo: nyumba ilipewa dola, karatasi zikapewa mwanamke mmoja, na chama, kilichokuwa na jina la marehemu, hakikupewa kitu.

Nyumba iliyofungwa

Goethe alizaliwa Frankfurt tarehe 28 Agosti 1749, akaenda Weimar mwaka 1775 kwa mwaliko wa mtawala kijana Carl August, na katika nyumba ya Frauenplan aliishi karibu miaka hamsini, mpaka alipofia humo tarehe 22 Machi 1832. Wasomaji wengi wanamjua kwa tamthilia yake *Faust*, lakini mtu huyu alikuwa pia waziri wa serikali, mchunguzi wa mimea, wa mifupa na wa rangi, na mkusanyaji asiyechoka wa mawe, sanamu na michoro. Mgeni aliyeingia kwa mlango wa mbele alipita vyumba vya fahari vyenye sanamu na picha. Chumba alichofanyia kazi kilikuwa nyuma, upande wa bustani: chumba cha dari ya chini, chenye meza na makabati ya mbao ya kawaida, kisicho na pambo la maana.

Jambo moja linapaswa kukumbukwa kuhusu karatasi zake. Goethe hakuziacha zikitapakaa kama marehemu wengi wafanyavyo. Mwaka 1822, akiwa bado na miaka kumi ya kuishi, alimpa mwandishi wake Theodor Kräuter kazi ya kuzipanga na kuziorodhesha, mashairi mahali pake, shajara mahali pake na barua mahali pake, hata akawa yeye mwenyewe ndiye mwanzilishi wa hifadhi ya nyaraka zake. Sehemu ya pili ya *Faust* aliifunga na kuitia muhuri mwaka 1831 ili isisomwe kabla ya kifo chake. Huyu ni mtu aliyejua kwamba atasomwa na watu ambao hawajazaliwa, na aliwaandalia.

Ila mpango huo ulimkosa mrithi wa kati. Mwanawe August alifariki Roma mwezi Oktoba 1830, baba akiwa hai, na kwa hiyo mali ikashuka moja kwa moja kwa wajukuu watatu ambao mkubwa wao alikuwa hajafikisha miaka 14. Wasii walisimamia mpaka watoto wakakua, na watoto walipokua wakafunga mlango. Mwaka 1842 Shirikisho la Ujerumani lilitaka kuinunua nyumba pamoja na makusanyo yake iwe ukumbusho wa taifa zima, familia ikakataa. Walther na Wolfgang waliishi katika vyumba vya darini, juu ya makumbusho ambayo hayakuwa makumbusho, sehemu nyingine za nyumba zikapangishwa, na chumba cha kazi cha babu yao kikabaki kama kilivyokuwa, kimefungwa.

Ni rahisi kuwalaumu, na wengi waliwalaumu. Wataalamu waliotaka kuona barua walirudishwa, na hasira yao imejaa katika maandishi ya wakati ule. Lakini hebu tuwatazame kama ndugu wangewatazama. Hawa walikuwa vijana ambao kila aliyebisha hodi alimtaka babu yao. Walther alitunga muziki na Wolfgang aliandika mashairi, na hakuna aliyeuliza habari za muziki huo wala za mashairi hayo. Karatasi zile zilikuwa na siri za baba yao mlevi, za mama yao Ottilie aliyesemwa vibaya na mji mzima, na za ndoa isiyokuwa na furaha. Walikuwa wanalinda aibu za nyumbani, na kwa njia hiyo hiyo wakazilinda karatasi. Zilizofungiwa hazikuuzwa mnadani, hazikugawanywa kwa wageni kama kumbukumbu, wala hazikuharibiwa na wachapishaji wenye haraka. Ukaidi wao ulikuwa hifadhi, ingawa hakuna aliyewashukuru.

Sheria ndiyo iliyoifanya hali hii ionekane ya kichekesho. Tarehe 9 Novemba 1867 haki za uchapishaji wa waandishi waliokuwa wamefariki kabla ya tarehe kama hiyo ya 1837 zilimalizika katika nchi za Ujerumani, na wachapishaji walikuwa wameusubiri mwaka huo kwa hamu. Nyumba ya uchapishaji ya Reclam ya Leipzig ilianzisha mfululizo wake wa vitabu vya bei nafuu, na namba 1 ilikuwa sehemu ya kwanza ya *Faust*. Kuanzia hapo mwanafunzi yeyote mwenye senti chache aliweza kumweka Goethe mfukoni. Hata hivyo profesa mwenye sifa zote hakuweza kujua kama maneno yaliyochapishwa ndiyo aliyoyaandika Goethe, kwa kuwa miswada ilikuwa ndani ya nyumba ya Frauenplan na ufunguo ulikuwa kwa mzee wa darini.

Kuna ushahidi mwingine kwamba kizuizi kilikuwa mirathi. Chama cha Wajerumani cha kumsoma Shakespeare kiliundwa tarehe 23 Aprili 1864, na kiliundwa hapo hapo Weimar. Mwaka uliofuata kikaundwa cha Dante mjini Dresden. Mwingereza na Mwitalia walipata vyama vyao katika nchi ya Wajerumani miaka ishirini kabla ya Goethe kupata chake katika mji aliozikwa. Shakespeare hakuwa na mjukuu Weimar.

Mafungu matatu

Wosia wa Walther uliitoa nyumba pamoja na makusanyo kwa dola ndogo ya Sachsen-Weimar-Eisenach. Karatasi za babu yake aliziacha kwa Sophie, mke wa mtawala Carl Alexander, na alimpa yeye binafsi, si kwa cheo cha mume wake wala kwa hazina ya serikali. Tofauti hii si ndogo. Kilichopewa dola kingeamuliwa na makatibu na mawaziri wake. Kilichopewa Bibi Sophie kingeamuliwa na yeye. Sophie alikuwa binti wa mfalme wa Uholanzi, mwanamke mwenye fedha zake mwenyewe na sifa ya kuzisimamia vizuri, na Walther, aliyewakatalia wataalamu kwa miongo kadhaa, bila shaka alijua anamkabidhi nani.

Sophie hakukawia. Inasimuliwa kwamba alisema yeye amerithi, na kwamba Ujerumani na dunia nzima virithi pamoja naye. Aliwaita wataalamu Gustav von Loeper, Wilhelm Scherer na Erich Schmidt wamshauri, akamfanya Schmidt mkuu wa kwanza wa hifadhi, na mwaka 1887 likaanza kutoka toleo kamili la maandishi ya Goethe, lile ambalo Wajerumani huliita kwa jina la mji au kwa jina la Sophie. Lilikamilika mwaka 1919, majuzuu 143: 63 ya kazi za fasihi, 14 ya sayansi, 16 ya shajara na 50 ya barua. Mwaka 1889 wazao wa mshairi Friedrich Schiller walileta karatasi za mzee wao zikae pamoja na za rafiki yake, na mwaka 1896 ikafunguliwa juu ya mto Ilm nyumba maalumu iliyojengwa kwa ajili ya karatasi hizo kwa fedha za Sophie. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata.

Toleo lenyewe lina kasoro zinazojulikana. Lilishikilia maneno ya toleo la mwisho alilolisimamia Goethe mwenyewe uzeeni, kwa hiyo sauti ya kijana wa miaka 24 mara nyingi imesukumwa kwenye orodha ya tofauti mwishoni mwa juzuu. Tena baadhi ya mashairi yake ya mapenzi yaliyoonekana kukosa staha yaliachwa nje ya majuzuu ya mwanzo. Mrithi mkarimu alikuwa bado mrithi, mwenye maoni yake kuhusu kinachofaa kuonekana.

Inafaa kutazama karatasi moja kwa karibu, ili ieleweke ni kitu gani kilikuwa kimefungiwa. Mwaka 1813 askari wa Weimar waliorudi kutoka vita vya Uhispania walileta ukurasa wa mswada wa Kiarabu. Goethe aliupeleka kwa mtaalamu wa lugha za Mashariki huko Jena ili asomewe, na ikabainika kuwa ni Suratun-Nas, sura ya mwisho ya Kurani. Hakutosheka na tafsiri. Alikaa mezani, mzee wa miaka zaidi ya 60, akajaribu kuzinakili zile herufi kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto. Kila mtu aliyepita chuoni utotoni anaujua mwandiko wa namna ile: herufi zinazotetemeka za mwanafunzi anayechora asichokijua bado, anayenyanyua kalamu pasipotakiwa. Mwezi Januari 1814 Waislamu wa Kibashkir waliokuwa katika jeshi la Urusi waliswali katika ukumbi wa shule ya Kiprotestanti mjini Weimar, na mwaka huohuo Goethe akasoma diwani ya Hafidh, mshairi wa Kiajemi, katika tafsiri ya Kijerumani ya Joseph von Hammer. Matunda yake yakawa diwani yake ya Magharibi na Mashariki, iliyochapishwa 1819. Diwani iliyochapishwa yeyote aliweza kuinunua. Mwandiko wa mwanafunzi yule mzee haukuonekana mpaka mjukuu alipokufa.

Chama sasa. Walioitisha mkutano wa Juni 1885 walihitaji jina litakaloheshimika Ujerumani nzima, na wakalipata kwa Eduard von Simson, jaji mkuu wa mahakama ya juu kabisa ya dola nzima ya Ujerumani, iliyokuwa Leipzig. Ndiye aliyeongoza bunge la Frankfurt la 1848 na 1849, na ndiye aliyeongoza ujumbe uliompelekea mfalme wa Prussia ombi la kuwa kaisari, mara mbili, mwaka 1849 na mwaka 1870. Alizaliwa Königsberg katika familia ya Kiyahudi na akabatizwa utotoni. Kitabu cha mwaka kilikuwa tayari kipo: kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1880 huko Frankfurt na Ludwig Geiger, mwanahistoria Myahudi, mtoto wa rabi mashuhuri Abraham Geiger. Chama kikakichukua kiwe chake, na Geiger akaendelea kukihariri mpaka 1913.

Tukihesabu, basi, mwaka ule wa kwanza Weimar ilikuwa na vyombo vitatu vya Goethe: makumbusho katika nyumba yake, hifadhi ya karatasi, na chama. Watu waliingiliana, Carl Ruland, mkuu wa kwanza wa makumbusho, baadaye alikuwa rais wa chama. Ila mali haikuingiliana. Chama hakikuwa na nyumba ya Goethe, hakikuwa na mswada hata mmoja wa urithi ule, na toleo kubwa la majuzuu 143 halikutolewa kwa amri yake bali kwa amri ya Sophie, ambaye jina lake ndilo lililopigwa mwanzoni mwa kila juzuu. Chama kilikuwa na orodha ya wanachama, ada zao, kitabu cha mwaka na mkutano mkuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote, na ukiondoa orodha, hayo mengine hayawezekani.

Mtu anaweza kusema huo ni unyonge, na katika hesabu za fedha ni unyonge kweli. Lakini ulikuwa na faida ambayo waanzilishi pengine hawakuipima. Nyumba ina mahali pake, na karatasi zina kabati lake. Mwanachama anaweza kuwa popote. Mwalimu wa shule wa mji wa mbali, mfanyabiashara wa Berlin au profesa wa nchi ya nje aliingia kwa ada ileile, akapokea kitabu kilekile cha mwaka. Isitoshe, hata maandishi ya Goethe hayakuwa yote Weimar: mwaka 1887 Erich Schmidt aligundua huko Dresden, katika karatasi za familia ya Luise von Göchhausen, nakala ya *Faust* ya mwanzo kabisa ambayo bibi huyo wa ikulu aliinakili kwa mkono zaidi ya karne moja kabla, na ambayo Goethe mwenyewe hakuiacha katika makabati yake. Kilichotoka mikononi mwa watu kilirudi kwa sababu walikuwepo watu wa kukitafuta.

Orodha ya 1938

Mtihani wa kweli wa mpango huu haukuja wakati wa amani. Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933, rais wa chama alikuwa Julius Petersen, profesa wa Berlin, na mkuu wa makumbusho na wa hifadhi, ambaye pia alikuwa kiongozi katika chama, alikuwa Hans Wahl. Watawala wapya hawakumpenda sana Goethe. Alikuwa amewasifu Wafaransa mno, tena si mtu wa kupiga ngoma za vita. Lakini walijua thamani ya jina lake nje ya nchi, na chama chenye wanachama katika mataifa mengi kilikuwa dirisha zuri la kuonyesha kwamba Ujerumani bado ni nchi ya ustaarabu.

Hapa ndipo kutomiliki kitu kulipogeuka. Katika miaka ya mwanzo viongozi waliwaacha wanachama Wayahudi waendelee kulipa ada. Kwa muda mrefu jambo hilo lilielezwa kama ushujaa wa kimyakimya; mtafiti W. Daniel Wilson, aliyezipekua nyaraka za chama chenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2018, anaonyesha kwamba hesabu za fedha na sura ya nchi ugenini zilikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi huo, na kwamba viongozi walikwenda mbali kuwaridhisha watawala bila kushikiwa bunduki. Mwaka 1935, katika sherehe za miaka hamsini, Petersen alisimama na kumfanya Goethe aonekane kama mtu ambaye angeikaribisha Ujerumani ile mpya. Mwishoni mwa 1938 wanachama Wayahudi wakaondolewa.

Mwaka huo wa 1938 Petersen aliacha urais, akashika Anton Kippenberg, mchapishaji wa Leipzig na mkusanyaji mkubwa wa vitu vya Goethe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ndiye mchapishaji wa Stefan Zweig, mwandishi Myahudi ambaye vitabu vyake sasa vilipigwa marufuku. Umbali wa kilometa zipatazo nane kutoka Frauenplan, juu ya mlima Ettersberg ambako Goethe alizoea kwenda kutembea, kambi ya mateso ilikuwa imefunguliwa Julai 1937. Jina lililokusudiwa kwanza lilikuwa la mlima wenyewe. Shirika la utamaduni la Wanazi mjini Weimar, ambalo si Chama cha Goethe, lilipinga, kwa hoja kwamba mlima ule una uhusiano na maisha ya mshairi. Hawakupinga kambi, walipinga jina. Ikaitwa Buchenwald. Baada ya ghasia za Novemba 1938 dhidi ya Wayahudi, wanaume Wayahudi karibu 10,000 waliletwa humo, takriban majuma yaleyale ambayo majina yalikuwa yakifutwa kwenye orodha ya wanachama huko chini mjini. Zaidi ya watu 56,000 walikufa katika kambi hiyo na matawi yake mpaka Aprili 1945.

Katika uchambuzi wa kisa mtu hulazimika kuuliza kama wangeweza kufanya vingine. Chama kingeweza kujivunja. Nyumba isingebomoka, kwa kuwa haikuwa yake. Karatasi zisingepotea, kwa kuwa hazikuwa zake. Hata Goethe angeendelea kuuzwa madukani kwa senti chache. Chama kinachomiliki jumba na hazina kina kisingizio kwamba kinabaki ili kulinda jumba na hazina. Hiki hakikuwa na kisingizio hicho. Mali yake pekee ilikuwa watu, na ndiyo iliyotolewa ili chama kibaki. Kikabaki nini basi? Eduard von Simson, rais wa kwanza, na Ludwig Geiger, aliyekihariri kitabu cha mwaka kwa miaka thelathini na zaidi, wasingepokelewa kwa sheria za 1938 kama wangekuwa hai.

Baada ya vita hakuna aliyeharakisha kuyasema haya. Kippenberg aliendelea kuwa rais hadi 1950, na Wahl aliendelea na kazi yake Weimar mpaka alipofariki 1949. Nyumba ya Frauenplan, iliyopigwa na bomu tarehe 9 Februari 1945, ilikarabatiwa haraka ikafunguliwa tena 1949, mwaka wa miaka 200 ya kuzaliwa kwa Goethe. Kukarabati orodha kulichukua muda mrefu zaidi.

Ukuta

Mwaka 1949 nchi iligawanyika, na Weimar ikaangukia Ujerumani Mashariki. Kiangazi kile mwandishi Thomas Mann alihutubia Frankfurt tarehe 25 Julai na Weimar tarehe 1 Agosti, akasema wazi kwamba yeye hajui kanda za kijeshi na kwamba amekuja kuizuru Ujerumani nzima. Watu wa pande zote mbili walimkasirikia. Chama kilijikuta katika hali ileile ya mgeni yule, ila chenyewe kiliishi nayo kwa miaka arobaini.

Mfano wa jirani unafundisha. Chama cha Shakespeare, kile cha 1864, kilipasuka: mwaka 1963 wanachama wa Magharibi waliunda chao chenye makao Bochum, na pande hizo mbili hazikuungana tena mpaka 1993. Chama cha Goethe hakikupasuka. Mivutano haikukosekana, hasa baada ya ukuta wa Berlin kujengwa Agosti 1961, na matawi ya Magharibi hayakuona fahari kulipa ada kwa chama ambacho makao yake yalikuwa chini ya serikali ya kikomunisti. Kwa nini hakikupasuka? Sababu moja ni ya wazi: Bochum inafaa kwa Shakespeare sawasawa na Weimar, kwa kuwa Shakespeare hakuishi kokote kati ya hizo, lakini mkutano mkuu wa Goethe nje ya Weimar ungekuwa harusi bila bibi harusi. Sababu ya pili, naamini, inarudi kwenye wosia. Watu hugombania mali. Hapakuwa na jengo la kudai mahakamani wala miswada ya kugawana, kwa kuwa nyumba na hifadhi zilikuwa mikononi mwa taasisi ya serikali iliyoundwa 1953. Aliyejitenga angeondoka na jina tu, na jina bila mji lisingekuwa na maana kubwa.

Serikali ya Mashariki iliielewa hali hiyo vizuri. Rais Andreas Wachsmuth, mwalimu wa Berlin, alipoondoka mwaka 1971 baada ya miaka ishirini, aliyemrithi alikuwa Helmut Holtzhauer, mkuu wa taasisi hiyohiyo ya serikali. Kwa mara nyingine mwenye nyumba akawa pia mwenye chama. Baada yake, kuanzia 1974, akaja Karl-Heinz Hahn wa hifadhi ya nyaraka, mtaalamu aliyeheshimiwa pande zote, akakaa mpaka 1990. Katika miaka hiyo yote mkutano mkuu ulikuwa mojawapo ya sababu chache ambazo Mjerumani wa Magharibi aliweza kuziandika kwenye fomu ya viza bila kuzua shaka: anakwenda kusikiliza mihadhara juu ya Goethe. Mihadhara ilisikilizwa, na kahawa baada ya mihadhara ilinywewa polepole sana.

Mwaka 1991 alichaguliwa Werner Keller, profesa wa Cologne, na chama hakikuhitaji kuungana kwa kuwa hakikuwa kimetengana. Mirathi yenyewe ilikuwa bado haijafungwa. Sophie aliifanya hifadhi kuwa mali ya familia yake, na watawala walipoondolewa mwaka 1918, na tena Wasovieti walipotwaa mali baada ya 1945, ikabaki hoja kuhusu nani hasa ana haki na karatasi za Goethe. Mwaka 2003 jimbo la Thüringen na familia ya watawala wa zamani walifikia suluhu. Familia ikaacha madai yake, pamoja na yale ya hifadhi, kwa malipo ya euro milioni 15.5. Waliotia saini walikuwa wawili, mrithi wa dola na mrithi wa Sophie. Chama cha Goethe, kilichokuwa kimetimiza miaka 118, hakikuwa na kiti mezani, kwa kuwa hakikuwa na cha kudai.